Jinsi ya kufanya utafiti wa wahamiaji na mchanganyiko wa watu mtaani: mwongozo kamili kwa mwanafunzi, Kariakoo ikiwa mfano

Wanafunzi wa sosholojia, jiografia, maendeleo ya jamii na mipango miji hupenda kuandika juu ya wahamiaji, na wana sababu ya kupenda, kwa kuwa miji yetu yote imejengwa na watu waliotoka kwingine. Tatizo huanza pale pendekezo la utafiti linapofunguliwa kwa orodha ya watu: Wachina wako hivi, Wakongo wako vile, Wahindi nao wana yao, kisha sura ya mwisho inaitaka serikali iboreshe mazingira. Ripoti ya namna hiyo huwa ni maneno ya kijiweni yaliyovalishwa lugha ya chuo.

Ushauri wangu ni uanze na mahali. Chukua kipande kidogo cha mtaa, uchunguze jinsi watu wote wanaokitumia wanavyopeana nafasi, mzigo, mkopo, chumba na habari. Suala la nani mgeni na nani mwenyeji liache lijitokeze lenyewe humo. Hapa nitatumia Kariakoo, Dar es Salaam, kwa sababu ndiko mambo yote yanakokutana. Anayefanyia kazi Eastleigh ya Nairobi au Mji wa Kale wa Mombasa atabadilisha ofisi za vibali na historia. Kazi yenyewe ni ileile.

Hatua ya 1: Soma historia ya mtaa kabla hujaukanyaga

Wengi huiruka hatua hii, au huibana kwenye aya moja ya utangulizi. Mimi naiona ndiyo inayoamua kama utafiti wako utakuwa na kina.

Wajerumani waliugawa mji wa Dar es Salaam kwa kanuni za ujenzi: majengo ya aina fulani upande huu, aina nyingine upande ule. Kwa vitendo mgawanyo huo ukawa wa rangi, na Waingereza wakauendeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Palikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uzitenge Uhindini na Uswahilini. Kariakoo ilikuwa Uswahilini iliyopimwa, yenye mitaa iliyonyooka na viwanja vidogo vilivyopangwa mstari. Wakati wa vita Waingereza waliweka hapo kambi ya kikosi cha wapagazi wao, na mwaka 1923 likafunguliwa soko. Jengo la soko tunalolijua leo lilisanifiwa na Beda Amuli miaka ya 1970, likaungua Julai 2021.

Ndani ya viwanja hivyo zilijengwa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, uani nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Kwa hiyo tangu mwanzo mtu aliyeshuka mjini bila ndugu aliweza kuishi ukuta kwa ukuta na mtu wa kabila lingine, wakashirikiana uani, choo na kisima. Wazaramo walikuwa na majirani Wanyamwezi na Wamanyema. Wamanyema asili yao ni mashariki ya Kongo. Walifika pwani kupitia njia za misafara, na wengi wao wakawa wenye nyumba hapa. Msikiti wa Manyema bado upo. Tembea uone pia majina ya mitaa: Kongo, Nyamwezi, Sukuma, Pemba.

Kuna jambo moja katika historia hii ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue kabla hajaandika neno "mgeni". Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, alizaliwa Pangani. Baba yake alikuwa Mzulu aliyetoka Inhambane, Msumbiji, akiwa askari katika jeshi la Wissmann, kamanda wa Kijerumani. Chama hicho ndicho kilichozaa TAA (Tanganyika African Association) na hatimaye TANU, chama cha kudai uhuru, mwaka 1954. Harakati za uhuru wa nchi hii zina mkono wa mtoto wa mhamiaji, na nyumba zilimofanyika zilikuwa katika mitaa hiihii.

Halafu fuata mabadiliko mawili makubwa ya umiliki. Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Watanzania wenye asili ya Asia, na familia nyingi zikaondoka nchini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ikafunguliwa, bidhaa za nje zikaingia kwa wingi, na Kariakoo ikageuka kutoka mtaa wa makazi kuwa duka la jumla la ukanda mzima. Nyumba za Kiswahili zikaanza kuangushwa, yakapanda maghorofa. Mara nyingi warithi wa kiwanja waliingia makubaliano na mwenye mtaji: yeye ajenge, wao wapate sehemu ya fremu (vyumba vya maduka) au vyumba vya juu. Ndiyo maana ghorofa lenye maduka ya Wachina, Wakinga na Wachaga linaweza kuwa limesimama juu ya kiwanja cha bibi wa Kimanyema. Bila historia hiyo utamwona mpangaji tu, mwenye ardhi hutamwona kabisa.

Pa kusomea: Idara ya Nyaraka za Taifa iliyopo Upanga, sehemu ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ripoti ya J.A.K. Leslie juu ya wakazi wa Dar es Salaam iliyochapishwa 1963. Hiyo ya mwisho isome kwa tahadhari, mwandishi alikuwa ofisa wa kikoloni, lakini alihesabu wapangaji na vyumba kwa umakini ambao watafiti wengi wa leo hawana.

Hatua ya 2: Punguza mahali, kisha punguza swali

Kariakoo nzima ni kubwa mno kwa mwanafunzi. Hata kata moja ni kubwa. Chukua upande mmoja wa mtaa mmoja kati ya njia panda mbili, au ghorofa moja la maduka tangu chini hadi juu, au uani mmoja uliosalia. Chagua mahali unapoweza kurudi saa yoyote bila nauli kukushinda.

Swali nalo liwe la jambo linalofanyika, linaloweza kuonekana au kusimuliwa. Linganisha haya mawili:

"Athari za wahamiaji katika maendeleo ya kiuchumi ya Kariakoo."

"Mfanyabiashara mpya anapataje fremu na mzigo wake wa kwanza?"

La kwanza halina mwisho wala mwanzo, na tayari limeshahukumu kwamba wahamiaji ni kitu kinacholeta athari kwa wengine. La pili linamhusu kila mtu mtaani kwa usawa. Kijana aliyetoka Makete na kufanya kazi dukani kwa mjomba wake, mama aliyetoka Rombo, Mhindi aliyerithi duka, Mchina aliyekuja na kontena, Mkomoro anayenunua nguo za kupeleka Moroni: wote walipata mahali pa kuanzia kwa njia fulani, na majibu yao yanaweza kuwekwa meza moja.

Maswali mengine ya aina hiyo: Nani anazungumza lugha gani na nani, na kwa shughuli ipi? Mtu akiuguliwa au kufiwa, nani anachanga? Mgogoro wa mzigo mbovu unaamuliwa wapi? Watoto wa ghorofa moja wanacheza wapi na nani?

Nakusihi uwaweke wahamiaji wa ndani na wa nje katika utafiti mmoja. Aliyetoka Njombe na aliyetoka Guangzhou wote wamehama, na ukiwatenga tangu mwanzo hutajua kama tofauti kati yao imetokana na uraia, mtaji, lugha au ndugu waliowapokea. Kumbuka pia kwamba safari hizi zina pande mbili. Watanzania wa Kariakoo wamekuwa wakienda Guangzhou na Yiwu kufuata mizigo kwa miaka mingi, na wapo waliokaa huko wakawa mawakala wa wenzao. Muuza duka uliyekuja kumhoji kama "mwenyeji" huenda aliwahi kuwa mgeni mwenye viza kwenye mji wa mtu mwingine, na kumbukumbu zake za huko ni sehemu ya data yako.

Hatua ya 3: Vibali

Anza mapema. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, chuo ndicho kinachotoa barua ya utambulisho. Barua hiyo hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya au Mkurugenzi wa Halmashauri, kutegemea utaratibu wa chuo chako, kisha inashuka kwa Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Mtaa na Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Mwanafunzi raia wa nchi nyingine anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pamoja na taratibu za Uhamiaji. Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya sayansi ya huko.

Beba nakala kadhaa, kila ofisi itabaki na yake. Na barua ya serikali isiwe kitu cha kwanza kumwonyesha mfanyabiashara. Ofisini inakufungulia mlango. Dukani inaweza kuufunga.

Hatua ya 4: Chora mtaa, fremu kwa fremu

Kabla ya mahojiano yoyote, tengeneza ramani yako mwenyewe. Karatasi na penseli vinatosha. Chora mstari wa mtaa, uweke kila mlango kwa namba uliyoitunga wewe, chini na juu, maana ghorofa za Kariakoo zina maisha matatu: fremu za chini za rejareja, vyumba vya kati vya jumla na stoo, na juu makazi au ofisi za mawakala wa mizigo.

Kwa kila mlango andika unachokiona tu. Bidhaa gani. Kibao kimeandikwa kwa lugha gani, na kwa maandishi ya aina gani. Nani amesimama nje kuita wateja. Kama kuna meza ya mtu mwingine mbele ya fremu, anauza nini. Kuna wakala wa pesa kwa simu? Kuna kalenda ya Kichina, picha ya mchungaji, aya ya Kurani juu ya kaunta? Vyote hivi mara nyingi utavikuta duka moja, kwa sababu duka moja lina mwenye mtaji, muuzaji na winga (anayeita wateja nje kwa malipo), na kila mmoja ameweka chake.

Nitoe mfano wa jinsi ya kuangalia. Simama mbele ya duka moja la vifaa vya simu kwa nusu saa. Mteja anafika, begi mgongoni, anauliza bei ya kava kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Lubumbashi. Winga wa nje ndiye anayemjibu, anamshika mkono na kumwingiza ndani. Msichana wa kaunta anataja bei ya dazeni. Mwenye duka amekaa nyuma na kikokotoo. Mteja anaomba kupunguziwa, msichana anageuka, mwenye duka anabonyeza tarakimu na kuigeuza skrini kwa mteja bila kusema neno. Mteja anabonyeza yake. Kikokotoo kinakwenda na kurudi mara kadhaa. Wakikubaliana, winga anapata chake, mbeba mzigo anaitwa, na mteja anauliza gari la mizigo la kwenda Tunduma linapakia wapi. Katika tendo hilo moja kuna watu watano na angalau safari tatu za uhamiaji, na hakuna aliyeulizwa kabila. Andika hivyo hivyo, kwa mpangilio wa matukio, na uonyeshe nani alitegemea nani.

Rudia kwa saa tofauti. Alfajiri ni ya wapakuaji na mama lishe. Adhuhuri ya Ijumaa mtaa hubadilika. Jumapili kuna maduka yanayofungwa na jirani zake yanayofunguliwa. Tangu 2025 umeanzishwa mpango wa kufanya biashara saa 24, kwa hiyo usiku nao ni sehemu ya utafiti, mradi muende wawili.

Usiandike uraia au kabila kwa kukisia. Mwenye sura ya Kichina anaweza kuwa Mkorea. Mwenye asili ya Kihindi huenda ukoo wake uko Tanzania kwa vizazi vinne, muda mrefu kuliko wako ulivyokaa Dar es Salaam. Nafasi hiyo kwenye fomu iache wazi mpaka mwenyewe aseme.

Hatua ya 5: Takwimu rasmi na mipaka yake

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini na 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam. Ina maswali ya mahali pa kuzaliwa na mahali pa kuishi, na hayo ndiyo yanayokufaa kuonyesha ni kiasi gani cha wakazi walizaliwa mikoa mingine. Kabila halimo. Tanzania iliacha kuuliza kabila baada ya sensa ya 1967, ilhali Kenya inaendelea kuuliza na ilichapisha majedwali yake kutoka sensa ya 2019. Kwa hiyo ukikuta mtu ameandika kwamba asilimia kadhaa ya wafanyabiashara wa Kariakoo ni wa kabila fulani, dai hilo halina chanzo rasmi. Usilirudie hata kama kila mtu sokoni analiamini. Unaweza kuandika kwamba watu wanaamini hivyo, na hilo lenyewe likawa matokeo mazuri ya utafiti.

Hatua ya 6: Linda watu kabla hujawauliza

Hatua hii ningeiandika kwa herufi kubwa kama ingesaidia.

Kwanza elewa kwa nini mtu mwenye daftari haaminiki Kariakoo. Mei 2023 na tena Juni 2024 wafanyabiashara walifunga maduka kupinga namna kodi zinavyokusanywa. Anayepita akihesabu fremu na kuuliza bei hudhaniwa ametumwa na TRA, Mamlaka ya Mapato. Julai 2025 ilitoka amri ya Wizara ya Viwanda na Biashara inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo jumla na rejareja (isipokuwa supamaketi), wakala wa pesa kwa simu, ufundi simu na saluni. Tangu hapo swali dogo kama "duka hili ni lako?" lina uzito wa kisheria. Raia aliyeandikishwa kama mmiliki wakati mtaji ni wa mwingine hawezi kukujibu, wala usimweke mahali pa kulazimika kukudanganya.

Pili, wapo wanaoishi mjini bila karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inataka wakimbizi waishi katika maeneo yaliyotengwa, kama kambi ya Nyarugusu, na kutoka huko kunahitaji ruhusa. Mkongo au Mrundi anayesuka nywele au kupiga gitaa Dar es Salaam anaweza kuwa na kibali halali, anaweza kuwa raia, anaweza kuwa hana chochote. Wewe hupaswi kujua. Kanuni yangu ni rahisi: usiulize hali ya ukaazi, na mtu akikuambia mwenyewe, usiiandike.

Kuna somo kutoka kwa jirani zetu. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, polisi wa Kenya walizunguka Eastleigh wakakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na kuwapeleka uwanja wa Kasarani kukaguliwa karatasi. Jiulize ramani yako ya fremu, yenye nukta ya rangi tofauti kwa kila taifa, ingekuwa na kazi gani mikononi mwa mtu anayepanga msako wa namna ile. Mwaka 1895 wakazi wa Hull House, nyumba ya huduma za jamii huko Chicago, walichapisha ramani iliyopakwa rangi kuonyesha taifa la watu wa kila nyumba, na ilisaidia kufichua umaskini wa wahamiaji. Ni kazi kubwa katika historia ya utafiti wa miji. Leo usiichapishe ya namna hiyo. Ramani ya kina baki nayo, kwenye ripoti weka mchoro usiotambulisha mlango.

Ridhaa ipate kwa mdomo. Fomu ya kutia saini inatakiwa na baadhi ya vyuo, lakini mtu asiye na uhakika na karatasi zake hataki saini yake ibaki kwako. Mwombe msimamizi wako akubali ridhaa ya mdomo, ambayo wewe unaithibitisha kwa kuandika tarehe na maneno uliyomsomea. Maneno hayo yawe mafupi na ya kweli: mimi ni mwanafunzi wa chuo fulani, naandika ripoti ya masomo, sitoki TRA wala Uhamiaji, sitaandika jina lako, unaweza kukataa swali lolote, unaweza kuniambia nifute. Hakuna malipo wala msaada utakaotokana na hili. Usiahidi kuwafikishia viongozi kilio chao.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu nawe mwanafunzi. Sauti, picha na namba ya simu ni taarifa binafsi.

Hatua ya 7: Mahojiano

Nenda saa ambayo biashara imepoa. Nunua kitu kidogo siku ya kwanza, salimia, ondoka. Rudi. Mzee muite mzee, mama muite mama, kijana wa rika lako muite kaka au dada, na "boss" acha liwe la mawinga. Kwa mtu mzima usianze na swali kabla ya salamu kuisha, hata kama ratiba inakubana.

Maswali mazuri ni yale yanayoomba simulizi:

"Fremu hii uliipataje mara ya kwanza?"
"Mzigo wako wa kwanza alikuamini nani?"
"Siku ya kwanza kufika Dar ulilala wapi?"
"Ukiuguliwa leo, nani anakufungulia duka?"
"Kilemba kilipoongezeka ulifanyaje?" (kilemba ni malipo ya kupewa fremu)
"Nani hapa mtaani unaweza kumwachia funguo?"

Hilo la funguo lipe uzito. Mtu anaweza kukuambia kwamba watu wa upande fulani hawaaminiki, halafu akataja kwamba funguo zake anamwachia mmoja wao. Hapo usimsute. Muulize walivyofahamiana.

Maswali ya kuacha: "Wewe kabila gani?", "Unawaonaje Wachina?", "Una kibali?", "Mauzo ya siku ni kiasi gani?". Mawili ya kwanza yanakupa misemo iliyozoeleka, mawili ya mwisho yanakufukuzisha.

Usihoji wenye maduka peke yao. Winga anajua historia ya kila fremu. Mama lishe anajua nani anakula kwa mkopo na nani anamlipia nani. Dalali anajua warithi wa kiwanja. Msichana wa kaunta ndiye mkalimani halisi wa mtaa huu, na ujuzi wake wa Kichina cha bei haumo katika cheti chochote.

Kuhusu ukalimani: mwajiriwa asimtafsirie mwajiri wake. Hatathubutu kutafsiri lawama, wala mwajiri hatasema mbele yake anachofikiria juu ya wafanyakazi. Tafuta mtu wa nje. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius na wanafunzi wanaosoma Kichina. Kushirikiana na mmoja wao kama mtafiti mwenza ni bora kuliko kumlipa kwa saa. Na unapomsikiliza Mkongo, mwache aseme Kiswahili chake. Usimsahihishe, wala usinyooshe maneno yake kwenye nukuu.

Kurekodi sauti kunahitaji ruhusa ya peke yake, tofauti na ile ya kuzungumza. Wengi watakataa. Zoea kuandika maneno makuu papo hapo na kukamilisha jioni ileile, kabla hujalala. Kesho yake utakuwa umeshaanza kuyatunga upya.

Hatua ya 8: Kutunza na kuchambua

Orodha inayounganisha namba ya mhojiwa na mtu halisi ikae mbali na maelezo yake, iwe na nywila, na ifutwe baada ya ripoti kupita. Usitume maelezo ya uwandani kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Uchambuzi fanya kwa mkono kama una mahojiano machache. Chapisha, soma yote mara mbili, piga mstari kila panapotajwa mtu kumsaidia au kumzuia mwingine. Kisha tengeneza jedwali: nani alitoa, nani alipokea, kitu gani, walijuana vipi. Angalia mistari inayovuka mipaka ya kabila na taifa, na ile isiyovuka. Utakuta pengine mkopo wa mzigo unabaki ndani ya ukoo, ilhali habari za bei zinavuka kila mpaka. Au kinyume chake. Kila ukipata muundo, mtafute anayeuvunja na umpe nafasi sawa katika maandishi. Mkinga mmoja aliyeanzishwa biashara na Mhindi anakufundisha zaidi ya kumi walioanzishwa na wajomba zao, kwa sababu utalazimika kueleza yeye alipitia wapi.

Tofautisha mambo matatu ambayo rasimu nyingi huyachanganya: ulichokiona, ulichoambiwa, na unachodhani. Ukiandika "Wachina hawachangamani na majirani", umekiona? Umekaa nao saa ya chakula cha mchana? Au umeambiwa na mshindani wao?

Hatua ya 9: Kuandika na kurudi mtaani

Andika kwa kufuata matukio: kupata fremu, kupata mzigo, kupata mteja, kupata hasara. Sura za "Wachina", "Wahindi" na "Wakongo" zitakurudisha kwenye orodha tuliyoikimbia mwanzoni.

Majina ya bandia hayatoshi. Kama mtaa mzima una fundi cherehani mmoja kutoka Ngazija, kumwita "Bwana A" hakumfichi. Badilisha bidhaa, mtaa, umri au jinsia pale ambapo hoja haiharibiki, au unganisha visa viwili kuwa kimoja na uwaambie wasomaji kwamba umefanya hivyo. Picha za mtaa piga kutoka mbali au kutoka nyuma.

Kama ripoti ya chuo ni ya Kiingereza, andika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili. Peleka nakala ofisi ya Serikali ya Mtaa, na nyingine kwa waliokupa muda wao. Lakini kabla ya kufunga jalada, keti na mtu mmoja anayeujua mtaa kuliko wewe, winga au mama lishe, umsomee sehemu zenye visa vya watu. Usimwambie unatafuta nini, msikilize tu. Akicheka na kusema "huyu si fulani wa ghorofa ya pili?", ufichaji ulioufanya haujatosha, na aya hiyo inaandikwa upya kabla nakala haijafika chuoni wala ofisi yoyote.